Kuna mtu mwingine kwenye laini

Bibi wa Simu anajibu barua zenu

Kwa wasomaji wapya: kabla ya safu hii nilikaa miaka 27 mbele ya swichibodi, nikichomeka na kuchomoa waya za mazungumzo ya watu. Ndiyo asili ya jina langu. Msidhani naijua sana simu ya mkononi. Hiyo hunifundisha mjukuu wangu wa darasa la tano, tena kwa dharau. Mwezi huu nimechagua barua tatu. Ya kwanza imenichukua nafasi kubwa, na wenye barua mbili za mwisho wataniwia radhi.

*

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina miaka sita kwenye ndoa. Mimba yetu ya tatu imeharibika ikiwa na wiki 11, kama mbili zilizotangulia. Siku ya nne baada ya kutoka hospitali usingizi ulinikataa. Saa nane usiku nikachukua simu nikaandika yote: damu, kimya cha daktari alipokuwa akiitazama skrini ya altrasaundi, watu wanaoniambia "bado mpo vijana", na mume wangu alivyofungulia bomba bafuni ili nisimsikie akilia. Nikatuma bila kurudia kusoma.

Asubuhi nilikuta komenti zaidi ya mia nne. Wanawake nisiowajua wananiambia yamewapata na wao. Mmoja alisema amekaa na jambo hilo miaka 19 bila kumwambia mtu. Bibi, nilipumua. Lakini mume wangu aliiona posti ile kazini, kwenye simu ya mwenzake aliyekuja kumpa pole. Aliporudi hakugomba. Alisema tu, "Kumbe ulinisikia." Tangu siku hiyo ananijibu ninapomuuliza, basi.

Dada yangu anasema nifute. Rafiki zangu wanasema nikifuta nitakuwa mnafiki, nimewafungulia wanawake mlango halafu nawafungia usoni. Mtu aseme ukweli wake kiasi gani huko mtandaoni?
Aliyeandika Usiku

Marahaba, mjukuu wangu. Pole. Nakupa kwanza pole ya mimba tatu, maana katika barua yako naona posti imeanza kukalia kiti cha msiba.

Usifute leo. Wala usiongeze neno. Kufuta ni kazi ya dakika moja, na kazi ya dakika moja inaweza kungoja mpaka mketi wawili.

Hilo swali lako la kiasi limenisumbua wiki nzima. Unauliza kama mtu anayeuliza dawa ya kikohozi, vijiko vingapi kwa siku. Mimi nimeisoma posti yako (umenitumia yote, ahsante) na sikuona kwamba umezidisha. Damu ni yako. Kile kimya cha daktari ulikisikia ukiwa umelala wewe kitandani. Hasira yako juu ya wale wa "bado mpo vijana" ni yako pia, na natamani waisome mara mbili. Sentensi isiyo yako ni moja tu, ina maneno 12: "Mume wangu alifungulia bomba la bafuni ili nisimsikie akilia, lakini nilisikia yote."

Mtu aliyefungulia bomba amekwisha kukuambia anachotaka. Amejijengea ukuta wa maji, wewe ukasikia kwa bahati mbaya, nami najua kidogo habari ya kusikia kwa bahati mbaya. Pale kazini kila jozi ya waya ilikuwa na kitufe cha kusikilizia. Ukishaunganisha simu unakibonyeza kuhakikisha wawili wanasikiana, kisha unatoka. Sekunde mbili, tatu. Katika sekunde hizo nimesikia mwanamume akiomba msamaha kwa sauti ya mtoto, nimesikia mama akidanganya kwamba ameshakula, nimesikia watu wakipumua tu. Tulikula kiapo cha siri. Kiapo hakikutukataza kusikia, maana sikio halina kifuniko. Kilitukataza kuyabeba tuliyosikia nje ya mlango ule.

Nisijifanye mwema. Miaka sita iliyopita, katika ukurasa huu huu, niliandika jinsi marehemu mume wangu alivyoanza kusahau. Niliandika kwamba asubuhi moja alitoka amevaa shati ndani nje, akarudi kuniuliza njia ya dukani aliyoipita miaka 30. Barua zilimiminika. Wake kwa waume wenye wagonjwa kama wangu walinishukuru, na nilijiona nimefanya jambo la maana. Yeye aliisoma siku zile ambazo kichwa chake kilikuwa bado kinaenda na kurudi. Akaja na gazeti mkononi akanirekebisha: "Lilikuwa koti, si shati." Baada ya hapo akakaa kidogo, akauliza, "Kumbe wanajua wote?" Hakwenda tena kucheza drafti na wenzake. Wenzake hawakuwa wamemcheka hata kidogo. Ila kila akikosea kete sasa, wangemhurumia, na yeye alitaka akikosea watukane kama zamani.

Kila nilichoandika kilikuwa kweli, ukiacha lile koti. Rafiki zako watasema basi kosa liko wapi. Kosa ni kwamba niligawa kitu cha ubia bila kumuuliza mbia mwenzangu, nikakiita uwazi. Hao wanaokutisha kwa neno unafiki wamelichukua siko. Mnafiki ni anayesema asichokiamini ili apendwe. Anayenyamazia machozi ya mwenzake hajamdanganya mtu. Na ukitaka kujua kama sentensi ile ndiyo iliyomfungulia mlango yule dada wa miaka 19, rudi kwenye komenti mia nne uhesabu ngapi zimetaja bomba. Ukipata kumi niandikie, nitakubali nimekosea.

Sasa habari ya saa nane usiku. Enzi zetu simu za mbali zilipimwa kwa dakika tatu tatu, na ilikuwa kazi yangu kuingia na kusema muda unakwisha. Wenye simu walikuwa wakimaliza dakika mbili na nusu kwa salamu na hali ya hewa. Nikishawaonya ndipo linapokuja neno lenyewe: mama amelazwa, nimeachika, nitumie nauli nirudi. Ukweli ulikaa kwenye nusu dakika ya mwisho kwa sababu mtu alisikia pumzi ya mwenzake upande wa pili, akaona haya, akasogea polepole. Skrini haina pumzi. Mwanasaikolojia John Suler aliandika kuhusu hali hiyo mwaka 2004: watu mtandaoni hulegea breki, na baadhi ya sababu alizozitaja ni kwamba hatuonekani, hatuuoni uso wa anayetusoma, na jibu lake halitufikii papo hapo. Ongeza hapo mwili uliochoka na msiba wa siku nne. Sikulaumu hata chembe.

Ila kuna jambo moja ningependa ulijaribu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti waliofanya kwa wanafunzi wa chuo huko Marekani. Waliwaandikisha dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, wengine mambo yaliyowaumiza maishani, na kati ya hawa wa pili wapo walioandika yaliyotokea pamoja na walivyojisikia. Hawa wa mwisho ndio walioonekana kwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata, ingawa siku ile ya kuandika walitoka na huzuni kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata, na faida iliyoonekana kwa jumla ni ndogo na si ya kila mtu. Lakini mimi kinachonivutia ni hiki: karatasi zile hazikubandikwa popote. Pumzi uliyoipata asubuhi ile huenda nusu yake ilitoka kwenye kuandika kwenyewe, kabla hujabonyeza kutuma. Nusu nyingine walikupa wale wanawake, siwanyimi haki yao. Basi usiku ukikujia tena, andika yote, na bomba uliandike, na majina uyaandike, kwa kalamu, kwenye daftari. Asubuhi ukishakunywa maji na kunawa uso, ndipo uchague cha kuwapelekea watu.

Kuhusu kurekebisha. Zungumza na mume wako kwanza, na usianze na kujitetea kwamba posti imesaidia wengi, hata kama ni kweli. Anza na lile alilokwambia. Alisema "kumbe ulinisikia." Mjibu hilo. "Ndiyo nilikusikia, nikashindwa kuja mlangoni, halafu nikawaambia watu kabla sijakwambia wewe." Naona kinachomuuma zaidi ni kwamba habari ya machozi yake ilipita kwa watu mia nne, ikapita kwa mwenzake wa kazini, ndipo ikamfikia yeye. Halafu umuulize anataka sentensi ile iende wapi, na ukubali jibu lolote.

Akisema itoke, jueni hili: kama uliiweka Facebook, ukihariri posti maneno ya zamani yanabaki kwenye historia ya mabadiliko, na anayeiona posti anaweza kuyafungua. Itabidi uinakili, uifute nzima, uiweke upya bila ile sentensi. Komenti zitapotea, kwa hiyo zihifadhi kwanza, hasa ya yule wa miaka 19, na umwandikie pembeni asidhani umemfukuza. Waliokwisha kuipiga picha ya skrini wanayo, hao hamna la kuwafanya. Na kufuta nako kusikupe matumaini makubwa. Mwaka 2011 mwanafunzi wa sheria kutoka Austria, Max Schrems, aliidai Facebook impe kila ilichohifadhi kumhusu. Akaletewa kurasa 1,222, na ndani yake yalikuwemo mambo aliyodhani ameshayafuta. Tangu wakati ule sheria za Ulaya zimekazwa, lakini mimi bado naandika kila kitu nikijua kuna mtu mwingine kwenye laini.

Unaweza pia kukuta mume wako anasema iache. Wanaume wengine hushangaza. Lakini aseme yeye.

*

Shikamoo Bibi. Nina akaunti ya jina la bandia, wafuasi elfu tatu na ushei. Naandika ukweli wa ofisini kwetu: bosi anayelala kwenye vikao na kuamka akiwa na wazo langu, mhasibu anayesali kwa sauti siku ya ukaguzi. Sitaji jina la ofisi wala la mtu. Watu wanacheka hadi wanalia. Kila ninachoandika ni kweli tupu. Niko salama?
Bila Jina

Marahaba. Hapana.

Umenitumia kiungo cha akaunti nami nimeisoma jioni nzima, nimecheka hasa pale kwa mhasibu. Baada ya kucheka nikachukua kalamu. Uko ghorofa ya nne. Meza yako iko karibu na fotokopi inayokwama kila Jumatatu. Jumanne ya juzi ulitimiza miaka 26. Una mguu ulioteguka, na ulipewa siku tatu za mapumziko. Mimi sijui hata uko mji gani, lakini mtu yeyote wa ghorofa ya nne ameshakujua, na kama hajasema ni kwa sababu anasubiri umwandike vizuri.

Mtaalamu wa kompyuta Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu tano, vitatu hivyo tu bila jina, yaelekea vinatosha kumtenga mtu mmoja peke yake kwa asilimia 87 ya wakazi wa Marekani. Wewe umetoa na mguu.

Kwenye swichibodi tulikuwa na mteja aliyejitambulisha kwa jina jipya kila siku, kwa sababu zake. Leo mwalimu, kesho mfanyabiashara wa mbao. Wote tulimjua kwa kikohozi. Wewe kikohozi chako ni neno "kiukweli ukweli", umelitumia hata kwenye barua pepe uliyonitumia kwa jina lako halisi.

Na kwamba ni kweli hakukusaidii sana. Mwaka 2002 Mmarekani Heather Armstrong alipoteza kazi kwa aliyoyaandika kuhusu watu wa kazini kwake kwenye tovuti yake, Dooce, na jina la tovuti hiyo likageuka kitenzi cha kufukuzwa kwa namna hiyo. Yeye baadaye aliifanya tovuti ile iwe ndiyo kazi yake, akawa mashuhuri. Usiuwekee bajeti mwisho huo.

Kuna tofauti moja nisiipite. Kama bosi angekuwa anaiba fedha au anawashika wasichana, nisingekuambia unyamaze. Ningekuambia tafuta mwanasheria au mwandishi wa habari anayelinda chanzo chake, weka ushahidi wenye tarehe, na uache utani kabisa. Lakini mtu kulala kikaoni ni mtu kulala kikaoni. Wazo lako akiliiba, mwambie usoni mbele ya wengine, "Nafurahi umelipenda." Hilo linahitaji ujasiri ambao wafuasi elfu tatu hawakupi. Na kipaji unacho. Hamishia hadithi kwenye ofisi ya kubuni, mhasibu mgeuze fundi saa, tuendelee kucheka.

*

Bibi, shikamoo. Binti yangu ametimiza miaka 13 na ombi lake la kwanza ni kwamba nifute picha zake zote nilizoweka mtandaoni tangu azaliwe. Nimehesabu, ni kama 600. Yuko kwenye beseni na povu kichwani, yuko analia siku ya kwanza ya shule, kuna moja ya kitanda alichokikojolea niliyoiandikia maneno ya utani. Watu walicheka kwa upendo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na nakiri kwamba picha zile na pole za watu ndizo zilizonisimamisha. Sikuwa nadanganya maisha, niliyaonyesha yalivyo. Ni kumbukumbu zangu. Nifanyeje?
Baba wa Mmoja

Marahaba baba. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ule mwaka wa nne. Ulilea peke yako mbele ya watu kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwonyesha mtoto amefanya nini leo. Sioni aibu katika hilo, nawe usiione.

Zifute.

Miaka 13 ndio umri ambao mitandao mingi mikubwa inamruhusu mtoto kufungua akaunti. Maana yake mwanao anaingia ukumbini leo, akitaka kujitambulisha mwenyewe, anakuta ameshatangulia kutambulishwa na kitanda. Ufaransa wametunga sheria Februari 2024 inayosema wazazi wote wawili wana wajibu wa kulinda haki ya mtoto juu ya picha zake, na kwamba mtoto ashirikishwe kulingana na umri wake na alivyokomaa. Wewe hukuhitaji sheria, umepata mtoto aliyekuja kuomba. Wengine hukaa kimya, halafu siku moja wanamzuia mzazi asione chochote chao.

Kumbukumbu hazifutiki kwa kufuta posti. Pakua picha zote kwanza, pamoja na maneno uliyoyaandika chini yake na pole za watu, uweke nakala mbili sehemu mbili tofauti. Zile ambazo mama yake yumo, mwachie aamue yeye. Naona kama atataka zibaki, au atataka ziwe zake peke yake, na majibu yote mawili ni sawa. Zilizoshewa na shangazi na wajomba, waandikie mmoja mmoja uwaombe wazitoe. Watanung'unika. Waambie binti amesema.

Usizifute usiku akiwa amelala ukamletea habari asubuhi. Kaeni wawili, yeye ashike kipanya, wewe umweleze kila picha ilipigwa siku gani na nani alikuwa nyuma ya kamera. Kwa picha 600 mtahitaji jioni kadhaa. Anzeni na ile ya kitanda.